Kwa Mkupuo au Hatua kwa Hatua: Jinsi Protini Ndogo Zinavyojikunja

Seli huunda protini ikiwa mnyororo mlegevu wa asidi amino, na mnyororo huo kwa kawaida haufanyi kazi mpaka ujikunje na kupata umbo lake. Mmarekani Christian Anfinsen, mmoja wa walioshinda Nobel ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba protini ndogo iliyokunjuliwa kwa kemikali hulirudia umbo lake yenyewe kemikali hizo zikiondolewa. Kilichobaki kikibishaniwa ni safari yenyewe: je, kati ya ulegevu na umbo kamili kuna kizingiti cha kuvuka?

Kwa protini nyingi ndogo, kipo. Mwaka 1991 Sophie Jackson na Alan Fersht walichapisha vipimo vya CI2, protini ya punje za shayiri. Waliona hali mbili tu: iliyokunjwa na isiyokunjwa. Hakuna kituo cha katikati kilichoonekana. Sehemu zote za mnyororo hushikana kwa mkupuo, ndiyo maana wataalamu huita mtindo huu kujikunja kwa ushirikiano.

Kizingiti hicho hutokana na hesabu ya faida na hasara. Mnyororo ukianza kujikunja hupoteza uhuru wake wa kugeukageuka, na hasara hiyo huja mapema. Faida, yaani nishati inayopatikana sehemu zinapogusana na kushikana, huchelewa kuja kwa wingi. Pengo kati ya hasara ya mapema na faida ya baadaye ndilo kizingiti. Faida ikiwahi kuifidia hasara kila hatua, kizingiti hutoweka na mnyororo huteremka moja kwa moja hadi kwenye umbo lake. Jambo hili lilitabiriwa kinadharia na kundi la José Onuchic na Peter Wolynes kabla halijadaiwa kuonekana maabara.

Tofauti ya mitindo hii miwili ni rahisi kuipotosha. Tuseme tumepasha protini joto na kipimo kinasema imekunjuka nusu. Fikiria ukumbi wenye kandili mia, ukiutazama kwa mbali usiku, na mwanga wake umepungua hadi nusu. Huenda kandili hamsini zimezimwa na nyingine zinawaka kama kawaida. Huenda pia zote zinawaka, ila kila moja imepunguzwa utambi. Penye kizingiti, nusu ya molekuli zimekunjuka na nusu bado ni nzima. Pasipo kizingiti, kila molekuli imelegea kiasi. Kipimo kimoja cha jumla hakiwezi kuzitenganisha hali hizo.

Ndiyo sababu BBL ilizua mabishano makali. Hii ni protini ya asidi amino zipatazo 40, iliyokatwa kutoka kimeng'enya kikubwa cha bakteria E. coli. Mwaka 2002 kundi la Victor Muñoz lilitangaza kwamba inajikunja bila kizingiti. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba vipimo tofauti vilitoa halijoto tofauti za kukunjuka. Kama kungekuwa na hali mbili tu, vyote vingekubaliana. Kundi la Fersht lilipinga. Lilitumia kipande kirefu zaidi, kisichobandikwa rangi za kung'aa kama kile cha kundi la Muñoz, likaona vipimo vinaafikiana. Mwaka 2006 kundi la Muñoz lilijibu kwa NMR (upimaji wa viini vya atomu kwa sumaku), likifuatilia zaidi ya atomu mia za haidrojeni moja moja, na kuripoti kwamba hazikubadilika kwa pamoja. Wapinzani nao hawakuridhika na tafsiri hiyo.

Mwendo pia hutoa ushahidi. CI2 huchukua milisekunde zipatazo 20 kujikunja. Mwaka 2004 Jan Kubelka, James Hofrichter na William Eaton walipendekeza kanuni ya kukadiria mwendo wa juu kabisa: gawa idadi ya asidi amino kwa 100, upate muda kwa mikrosekunde. Kwa mnyororo wa asidi amino 40, hiyo ni takriban mikrosekunde 0.4. Protini inayokaribia mwendo huo ina kizingiti kidogo mno, au haina kabisa. Martin Gruebele na mwenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba kipande cha protini ya kirusi lambda, kikibadilishwa asidi amino chache, hukaribia mwendo huo.

Kwa hiyo kuzigawa protini katika makundi mawili yasiyokutana ni kosa. Kimo cha kizingiti hubadilika kwa halijoto, kwa mabadiliko ya asidi amino, hata kwa mahali mnyororo ulipokatwa. Kwa seli, kimo hicho huenda kikawa kinga: molekuli iliyolegea nusu huacha wazi sehemu zake zinazonata, na kunatana kwa protini ni tatizo linalohusishwa na maradhi kama Alzheimer. Kwa msomaji wa tafiti hizi, ushauri ni mmoja: ukiona protini "imekunjuka nusu", uliza kwanza kama ni nusu ya molekuli au nusu ya kila molekuli, na usikubali jibu linalotegemea kipimo kimoja.