Kikulacho ki Nguoni

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutujia kila tutazamapo michezo ya televisheni ya Kichina isimuliayo maisha ya kasri, na hasa ule wa Zhen Huan, uliotolewa mwaka 2011 kwa sehemu 76.

Mambo yake ni ya zama za Mfalme Yongzheng wa ukoo wa Qing, aliyetawala toka 1722 hadi 1735. Silaha humo ni hariri, herini, vikombe vya chai na vyetezo. Vazi lataja daraja la alivaaye, na pambo lizidilo cheo cha mwenyewe laweza kumtia matatani. Mabibi wa kasri hawakuwa na baraza la kusemea wala ruhusa ya kutoka nje ya kuta. Basi walisema kwa vitu. Msomaji wa visiwani, ajuaye kanga iliyovaliwa ili jirani aisome, hahitaji mkalimani.

Na tutoe mfano mmoja. Bibi Hua, suria mpendwa na ndugu wa jemadari mwenye nguvu, alitunukiwa na Mfalme buhuri ambayo hakupewa mwingine. Akaifukiza kwa fahari miaka nenda miaka rudi. Hakujua kuwa ndani yake mna miski, ambayo katika mchezo huo ndiyo iliyomnyima mtoto, kwani Mfalme alichelea ukoo wa jemadari usije ukapata mrithi. Alipoambiwa kweli, jemadari alikwisha anguka. Bibi huyo alijibamiza kichwa ukutani, akafa.

Mwezi wa Januari 2019, gazeti la Beijing Daily liliikemea michezo ya namna hii kwa kutukuza anasa za kifalme na kueneza fitina. Rai hiyo twaiheshimu, lakini hatuafikiani nayo yote. Fitina huzaliwa pale neno la wazi liwapo hatari, na riziki ya wengi itegemeapo uso wa mtu mmoja. Mchezo huu waonyesha gharama yake.

Kwa hiyo twawakumbusha wenye dhamana: ofisi ambamo watumishi hupima kwanza nani kaitwa kunywa chai na nani kawekwa kiti cha mbele, imekwisha kuwa kasri ndogo. Dawa yake ni kufungua mlango, ili lenye kusemwa lisemwe mchana kweupe, na asiyependwa naye apate haki yake.