Nanaa Bustanini, Maji Salama Kikombeni

Mtu asikiapo jina la Kilwa hukumbuka upesi Kilwa ya pwani ya Tanzania, yenye magofu ya kale. Bali Kilwa tunayoinena leo ni ile ya Haut-Katanga, kando ya ziwa Mweru, lile ziwa lipokealo maji ya mto Luapula na kuyatoa kwa mto Luvua penye Pweto. Mwezi wa 10, kabla mvua hazijashika, joto la huko huwa kali. Mvuvi arudipo na nyavu zake, na mtoto atokapo shuleni, wote wawili hutaka jambo moja: kinywaji cha baridi. Basi, wasomaji wapendwa, twapenda kuwaonyesha jinsi ya kukipata nyumbani kwa gharama ndogo, nacho ni chai baridi ya nanaa.

Nanaa haihitaji shamba. Omba kwa jirani vitawi vichache, uvitie katika kikombe cha maji. Baada ya juma moja au mawili vitaota mizizi. Kisha vipande katika udongo mwororo, mahali penye kivuli kidogo, mbali na choo. Mmea huu hutambaa sana na kuisonga mimea mingine. Kwa hiyo ni vema kuupanda katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Tangu mwezi wa 5, mvua zikiisha, uunyweshe maji kila jioni. Ukivuna, kata juu kidogo ya majani mawili yaliyoelekeana, nao utachipua matawi mapya.

Kuipika ni hivi. Jioni, bukari ikiisha kuiva, makaa yaliyobaki katika mbabula yasipotee bure. Teka lita 1 ya maji, uyachemshe hata yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili. Yaondoe motoni, utie majani 15 au 20 ya nanaa yaliyooshwa, na kijiko kimoja cha majani ya chai ukipenda. Funika kwa muda wa dakika 5. Yakikaa zaidi, majani ya chai huleta ukakasi. Chuja kwa chujio safi, utie sukari kidogo kungali moto, maana katika baridi haiyeyuki vema. Kisha acha chombo kikiwa kimefunikwa, ukizungushie kitambaa kilicholoweshwa, mahali penye upepo. Maji ya kitambaa yakaukapo huchukua joto la chombo, na asubuhi utakuta chai imepoa. Inywewe siku hiyo hiyo.

Lakini hapa yatupasa kusema neno lililo zito kuliko nanaa yenyewe. Tangu miaka ya 1970 kipindupindu kimerudi mara nyingi katika nchi za maziwa ya mashariki ya Kongo, wala kando ya Mweru haikuachwa. Mtaalamu Mwitalia Filippo Pacini alikiona kijidudu chake mwaka 1854, na daktari Mjerumani Robert Koch akathibitisha habari zake mwaka 1884. Kijidudu hicho huishi majini. Moto hukiua, baridi haikiui. Kwa sababu hiyo barafu iliyofanywa kwa maji mabichi ni hatari kama maji yale yale. Kadhalika mama aliyechemsha maji vema, kisha akatupia juu ya chai iliyopoa majani mabichi yaliyooshwa kwa maji ya ziwa, ameiharibu kazi yake yote. Majani na yaingie kungali moto. Chai isichotwe kwa mkono, bali imiminwe. Na vikombe vioshwe kwa sabuni na maji salama.

Wala mtu asidhani kwamba nanaa ni dawa ya kipindupindu. Mgonjwa anayeharisha sana apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Njiani anyweshwe maji salama lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa huku wakiacha haki, rehema na imani. Hakuukataza mnanaa, aliwataka washike lililo kubwa bila kuliacha lililo dogo. Nasi twaweza kujifunza hapo. Harufu nzuri ya nanaa ni jambo dogo, tena jema. Uhai wa mtoto ni jambo kubwa. Yule auzaye chai baridi sokoni na akumbuke kwamba ameshika mkononi uhai wa majirani zake. Akipunguza makaa ili aongeze faida, ameikosea haki.

Enyi akina baba, msiseme kwamba hayo ni ya akina mama peke yao. Makaa hununuliwa kwa fedha, na kuni huchosha mgongo. Mwanaume atoaye fedha ya makaa kabla ya fedha ya pombe ameilinda nyumba yake. Nanyi wanafunzi, pandeni nanaa katika ndoo moja kwenu, mchukue chupa ya chai yenu shuleni, na mwenzenu asiye na kitu mpeni naye anywe. Bwana wetu ameahidi kwamba hata kikombe kimoja cha maji baridi hakitakosa thawabu yake. Basi tujihadhari kikombe hicho kiwe salama.