Mali bila daftari, hata hospitali

Wiki hii napenda tuzungumzie swali ambalo wauguzi, matabibu na wafamasia wamekuwa wakiniuliza: mtu wa hospitali ana haja gani ya kusomea biashara, na akitaka, aombe vipi nafasi?

Haja ipo. Katika mwaka wa fedha 2017/18, hapa Tanzania, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya. Kwa hiyo mganga mfawidhi, aliyefundishwa kutibu malaria na kuzalisha, ndiye huyo huyo anayepanga bajeti, anayeagiza dawa Bohari ya Dawa na kumjibu mkaguzi. Akikosea makadirio, anayeumia ni mama mwenye mtoto wa homa, anayeambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Elimu yenyewe haiko mbali. Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho wengi wetu tulikifahamu kwa jina la IDM, kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya. Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kina shahada ya uzamili ya biashara, yaani MBA, iliyolenga usimamizi wa huduma za afya.

Sasa tuje kwenye maombi. Kwanza, jipime. Uzamili huhitaji shahada ya kwanza, na vyuo vingi vya biashara hutaka pia uzoefu wa kazi. Tabibu mwenye stashahada aanze na shahada ya kwanza. Asikubali kuuziwa njia ya mkato. Ulizia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo kinatambulika kabla hujalipa hata senti. Na kama shahada yako uliipata nje ya nchi, ipeleke huko huko ithibitishwe mapema.

Pili, barua ya kujieleza. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaandika kwamba wanapenda uongozi na maendeleo ya taifa. Nani hapendi? Taja tatizo moja ulilolishughulikia: dawa zilizoharibika stoo, foleni ya kliniki, madai ya bima yaliyorudishwa. Eleza ulifanya nini, kikabadilika nini, na kipi kilikushinda kwa kukosa elimu hiyo. Weka tarakimu za kweli.

Tatu, wadhamini. Mtafute aliyekuona kazini, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya mkubwa asiyekufahamu haina uzito.

Nne, fedha na muda. Piga hesabu ya ada, nauli, vitabu na zamu za usiku. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo huhama pamoja na aliyeitoa.

Mwisho, natoa tahadhari. Shahada hii haichukui nafasi ya leseni yako ya taaluma, endelea kuihuisha. Wala si tiketi ya kukimbia wodi. Wapo watakaoitafuta kwa ajili ya kiti cha kuzunguka na gari la ofisi. Mimi nawaombea nafasi wale wanaotaka mgonjwa akifika dirishani, dawa iwepo.