Likizo na bao: mtoto anaanza hivi, babu anajibu vile

Ndungu, wilayani Same, inajulikana kwa mpunga wa umwagiliaji. Mzee anayepumzika kutoka shambani na mjukuu aliye likizo wanaweza kukutana kwenye bao, lakini mara nyingi hawakutani kwa muda mrefu. Mtoto anapoteza nyumba mapema, anachekwa, anarudi kwenye simu.

Mara nyingi kosa liko kwenye kete ya kwanza kabisa.

Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo unaanza kila mmoja akiwa na kete sita kwenye nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Nyingine 22 anabaki nazo. Hapo hakuna kete zinazotazamana, hivyo anayeanza hawezi kula. Ni lazima atakate.

Mtoto mwenye haraka huongeza kete kwenye shimo la pili kutoka nyumba, kisha hutakata kushoto. Kete ya mwisho inakaa mbele ya nyumba ya babu. Anatabasamu, maana anaona zamu yake ijayo ataila nyumba hiyo. Lakini zamu ni ya babu! Anaweka kete kwenye nyumba, anaila ile moja, na mtoto hana cha kujibu.

Sasa ajaribu shimo linalopakana na nyumba, pia kushoto. Safari hii kete mbili zinavuka nyumba. Moja inatazama nyumba ya babu, ya pili inatazama shimo lake lenye kete mbili. Babu akila hiyo ya pili, nyumba yake inaliwa. Basi analazimika kula ile ya kwanza, na mtoto anajibu kwa kula zile mbili. Ni mtego mdogo, ila mtoto wa miaka tisa akiunasa mara moja, hatabanduka hapo hadi chakula cha jioni.

Asiyetaka vurugu atakate kulia. Kete zitapita kichwani na kushuka safu ya nyuma, ambako haziliwi.

Babu naye ana mpango wake: kulinda nyumba na kutoisafirisha mapema, kwa sababu ikishasafiri inapoteza haki zake.

Mzazi, baada ya michezo miwili wabadilishe nafasi, mtoto ajibu na babu aanze. Kabla hajaweka kete, muulize: "Babu atafanya nini?" Usimwambie jibu. Kwa mdogo zaidi kuna bao la kujifunza, linaloanza na kete mbili katika kila shimo.

Usimlazimishe kwa sababu ya alama za hisabati. Nchini Uingereza, tathmini ya Education Endowment Foundation iliyotolewa 2016 ilihusisha shule 100. Wanafunzi waliofundishwa sataranji hawakuwa bora katika hisabati mwaka mmoja baadaye. Bao ni mchezo mwingine, lakini tahadhari ni hiyo hiyo. Faida iliyo wazi ni saa nzima ya kukaa na babu bila simu, na hiyo si ndogo.

Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, hesabuni kete zote mnapomaliza. Komwe moja inatosha kumkaba koo.