NJIA YA MIGUU NI MALI YA WOTE

Leo tunazungumza juu ya njia za miguu. Sote tunazipita kila siku. Lakini wengi wetu hatuzifikirii mpaka siku tunapokuta zimefungwa.

Hebu tutazame Mbalizi. Mji huu uko magharibi ya Mbeya, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma. Ukitazama kaskazini unauona Mlima Mbeya. Kilele chake kinapita mita 2,800 kutoka usawa wa bahari. Chini, upande wa Utengule, kuna mashamba ya kahawa. Juu kuna nyasi, mawe na baridi kali. Njia za huko hutumiwa na wakulima na wachungaji. Wageni nao hupanda mlima kwa miguu ili kuona nchi. Kijana anayezijua njia vizuri huwaongoza, naye hupata chochote.

Kwa nini njia hupotea?

Kwanza, mji unakua. Mashamba yanakatwa viwanja, viwanja vinauzwa, na kila mtu anajenga uzio wake. Tuseme njia ya shule imezibwa. Je, watoto watapita wapi? Watapita kando ya barabara kuu, pamoja na malori yaendayo Zambia. Basi hasara ya njia moja inaweza kuwa uhai wa mtoto.

Pili, wengine hulima mpaka njiani. Mwaka huu hatua moja, mwaka ujao hatua nyingine. Mwisho njia haipo.

Tatu ni maji ya mvua. Njia ikishuka mlima moja kwa moja, maji huifuata kama mfereji. Udongo unachukuliwa, na njia inakuwa korongo. Wapitaji wakikwepa korongo hilo wanakanyaga pembeni, na korongo la pili linaanza.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka kijiji kitenge ardhi ya matumizi ya wote. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, na Mkutano Mkuu wa Kijiji unakubali au unakataa. Ardhi ikishatengwa hivyo, hagawiwi mtu binafsi. Kwa hiyo njia, uwanja wa michezo na mahali pa kupumzikia vitajwe kwa majina mkutanoni, na viandikwe katika muhtasari. Neno lisiloandikwa husahauliwa.

Walioko mjini wamwone Afisa Ardhi, waombe kuonyeshwa ramani ya mipango miji. Humo huonyeshwa njia na viwanja vya wazi. Ulizeni mapema, kabla mtu hajachimba msingi.

Njia inayofuata mto pia ina faida. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo ukiwa na miti, chanzo cha maji kinalindwa, nasi tunapata kivuli.

Tuzitunze namna gani?

1. Njia ya mlimani ipande kwa kuzungukazunguka. Tusikate njia za mkato.
2. Tuchimbe vijifereji vya kutoa maji njiani kabla ya mvua kuanza.
3. Makorongo madogo tuyajaze mawe, na pembeni tupande nyasi.
4. Tusitupe taka wala kuwasha moto mlimani.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Majembe tunayo. Nyumba kumi zikitoa asubuhi moja, kipande kirefu kitatengenezwa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Mkutano ujao omba muhtasari usomwe, usikilize kama njia yenu imo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni njia zipi za kijijini kwenu zimefungwa? Nani anaumia?
2. Je, kijiji chenu kimetenga ardhi ya wote? Imeandikwa wapi?
3. Ni njia ipi mtaanza kuitengeneza kabla ya mvua?