Mizani ya Ghalani Haimfai Kijana

Mkulima wa Newala akifikisha korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, anaulizwa jambo moja: kilo ngapi? Kilo zikishaandikwa, mnada humaliza mengine. Taabu huanza mizani hiyo inapohamia nyumbani. Binti akiota mwili, shangazi anamwita bonge. Mvulana akirefuka bila kujaza, mjomba anamwita kimbaumbau. Ni utani tu, watasema. Basi tuifanye hesabu yenyewe.

Kilo za umri

Katika miaka ya kubalehe na ujana, mtu hupata karibu nusu ya uzito atakaokuwa nao ukubwani, na takriban sehemu moja kati ya tano ya urefu wake. Kwa hiyo kijana kuongezeka kilo si kosa. Asipoongezeka ndipo pa kuuliza.

Kipimo cha kliniki ni kilo kugawanywa kwa urefu wa meta uliozidishwa kwa wenyewe. Tuchukue binti wa miaka 15 mwenye kilo 58 na urefu wa meta 1.58: anapata 23.2. Pacha wake wa kiume ana kilo 66 na meta 1.68: anapata 23.4. Kwa mtu mzima, uzito uliozidi huanzia 25, kwa hiyo wote wawili wangepita. Lakini jedwali la Shirika la Afya Duniani kwa umri huo huweka mpaka karibu na 23.5 kwa wasichana na 22.7 kwa wavulana. Kumbe binti anayeitwa bonge yumo ndani ya mpaka, na kaka yake anayesifiwa kwa kunawiri ameuvuka. Jicho la shangazi halina jedwali.

Shilingi 1,000 za shule

Mizani ikiwekwa kando, mzazi apime nini? Apime hela na chungu. Tuseme kijana wa Masasi anapewa shilingi 1,000 kila siku ya shule. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni shilingi 194,000. Mwaka 2024 bei ya korosho ghafi mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, hela ya shuleni ni kilo 48 na nusu za korosho, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 80.

Ikiwa hela hiyo hununua soda moja ya mililita 300, kijana hunywa takriban gramu 32 za sukari. Kwa mwaka wa shule ni zaidi ya kilo 6. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000. Chupa moja imeshachukua karibu theluthi mbili, na chai ya asubuhi bado haijahesabiwa.

Sasa tazama shamba. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho iliyobanguliwa. Kwa bei ile ya mnada, konzi ya gramu 30 imegharimu kati ya shilingi 480 na 600 kabla ya kazi ya kubangua, nayo ina protini karibu gramu 5. Soda haina hata moja. Karanga na mbaazi hushusha gharama hiyo zaidi, na msimu wa mabibo huleta vitamini C tele. Muhogo peke yake hushibisha tu: gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina protini isiyofika gramu 2, ndiyo maana ugali wake unadai kisamvu cha karanga au mbaazi pembeni.

Gharama ya maneno

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusisha vijana zaidi ya 2,000, ulikuta kuwa wale ambao wazazi wao huzungumzia uzito walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kujinyima chakula na kutumia njia za hatari za kupungua. Mazungumzo ya chakula bora bila kutaja uzito hayakuwa na sura hiyo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kikawashauri wazazi waache kuzungumzia uzito na kutania miili, na familia zile chakula pamoja.

Kwa hiyo usimpikie binti chungu chake cha adhabu. Badilisha chungu cha nyumba nzima, baba akiwemo. Mpe hela pamoja na karanga za kubeba. Mwache acheze au atembee dakika 60 kwa siku, na kubeba ndoo ya maji kumo kwenye hesabu hiyo. Ukiona anaruka milo, anajitapisha au anakonda ghafla, mpeleke kituo cha afya bila kumkemea.

Nawe mjomba, ambaye neno lako lina uzito kwa Wamakonde: kilo waulize wa ghalani. Kijana muulize amekula nini leo, kisha kaa ule naye.