Kapteni Mbaye Diagne: Afisa asiye na bunduki aliyeokoa mamia Kigali

Wafanyabiashara wanaotoka mpaka wa Gatuna wanaijua vema Gisozi. Wengi hupanda huko kununua milango, vitanda na makabati. Katika mlima huohuo kuna Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Idadi hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama si watu wachache kama Kapteni Mbaye Diagne, mwanajeshi kutoka Senegal.

Diagne alizaliwa mwaka 1958. Alisoma Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akajiunga na jeshi. Alikuja Rwanda baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993, akiwa mtazamaji wa kijeshi. Kazi yake ilikuwa kutazama na kutoa taarifa, na hakuruhusiwa kubeba silaha. Nyumbani alimwacha mkewe, Yacine Mar Diop, na watoto wawili wadogo.

Aprili 7, 1994, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa pamoja na mumewe. Watoto wao walikuwa wamejificha jirani. Kapteni Diagne aliwachukua kwa gari lake, akawaficha katika Hoteli Mille Collines hadi walipotoroshwa nje ya nchi.

Hakuishia hapo. Aprili 21 Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270. Diagne alibaki. Aliendelea kuvusha watu wachache wachache, kizuizi baada ya kizuizi. Mbele ya wenye mapanga alitumia maneno, utani na sigara. Amri ilikuwa kutoingilia. Mkuu wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua anachofanya na hakumzuia.

Mei 31, 1994, akirudi makao makuu ya kikosi na ujumbe kwa Dallaire, kombora lilianguka nyuma ya gari lake kwenye kizuizi. Alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka 36. Zilibaki siku 12 tu arudi kwa familia yake. Kikosi hakikuwa na hata mfuko wa kuwekea maiti. Wenzake walimfunga kwa turubai la plastiki.

Mjane alipokea mwili badala ya mume, akabaki kulea watoto peke yake. Heshima zilichelewa. Rwanda ilimtunukia nishani ya Umurinzi mwaka 2010. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ujasiri yenye jina lake. Ya kwanza ilikabidhiwa familia yake mjini New York, Mei 2016.

Ilikuwa imepita miaka 22. Watoto wake walikuwa watu wazima waliomfahamu baba yao kwa picha na kwa masimulizi. Miongoni mwa waliomsimulia ni watu waliovuka vizuizi vya Kigali ndani ya gari lake.